Nairobi Hadi New York: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Nilifundisha jiografia kwa muda mrefu, na njia ya Nairobi kwenda New York nimeisafiri mwenyewe. Kwa sababu hizo mbili, majirani zangu wa Mombasa wenye watoto Marekani hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, huko ni mbali kiasi gani?"

Jibu fupi lipo. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Ndege isiyotua njiani huchukua kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi. Lakini jibu hilo halimfai sana mama mwenye kisukari anayekwenda kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, wala kijana anayetaka kuwahi harusi ya dada yake. Wanachohitaji ni kujua saa hizo zinatoka wapi, zinaongezekaje, na zinaufanyia nini mwili. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Njia fupi haionekani kwenye ramani ya ukutani

Chukua ramani ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York. Mstari utapita Afrika ya Kati na Magharibi na kutokea baharini pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe la dunia na kipande cha uzi. Bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha uvute uzi mpaka ukaze. Darasani nilikuwa nikimwita mwanafunzi mmoja aje avute, na wenzake wasome majina ya mahali kwa sauti: Mlima Elgon, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur, Chad, Niger, Algeria, Morocco. Uzi unatoka Afrika kaskazini kabisa ya pale rula ilipotokea, unavuka Atlantiki, na kuikaribia New York ukitokea upande wa Nova Scotia.

Njia ya uzi ni fupi kuliko ya rula kwa zaidi ya kilomita 300. Dunia ni mviringo, na ramani ya karatasi hulazimika kuunyoosha mviringo huo. Waislamu wa New York wanalijua jambo hili kila wanaposwali. Makka iko kusini zaidi ya mji wao, lakini kibla chao kinaelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu huko ndiko njia fupi inakoanzia.

2. Kugawanya kilomita kwa mwendo hakutoshi

Ndege kubwa za abiria huruka kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900 utapata saa 13 na dakika chache. Mbona ratiba inasema 15?

Kwanza, muda wa ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yaachane na ardhi. Unahesabiwa tangu ndege inapoondolewa penye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili. Kujikokota kwenda kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu, na kuzunguka angani New York kukiwa na msongamano, yote yamo. Pili, ndege ikiwa inapanda au inashuka haiendi kwa kasi ile ya juu. Tatu, upepo.

Na nne, anga ina mipaka na ina vita. Aprili 2023 mapigano yalipozuka Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria, na safari nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Uzi ule wa kwenye tufe ni njia fupi kuliko zote, lakini rubani hufuata njia fupi iliyo salama na yenye ruhusa siku hiyo. Kwa hiyo ukiona tarakimu ya umbali kwenye simu yako, ichukue kama kima cha chini.

3. Kwenda si sawa na kurudi

Wazee wetu wa majahazi hawakuhitaji kufundishwa hili. Walikwenda Uarabuni kwa upepo wa kusi, wakarudi kwa kaskazi, na hakuna nahodha aliyetarajia siku za kwenda zilingane na za kurudi. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka usawa wa bahari, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine hupita kilomita 200 kwa saa. Wakati wa baridi ya kaskazini huwa mikali, juu ya Atlantiki na hata juu ya Sahara.

Anayekwenda New York anapambana nayo, anayerudi Nairobi inamsukuma. Nguvu yake ilionekana wazi Februari 2020, ndege ya abiria ilipotoka New York na kutua London chini ya saa 5, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6.

Ukipanga safari ya kwenda, usiweke miadi ya asubuhi ileile unayofika. Upepo ukiwa mkali zaidi ya kawaida, utachelewa, na hakuna wa kumlaumu.

4. Uwanja wa kuondokea una mchango wake

Nairobi iko juu: uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa hupata hewa kidogo ya kuyainua, na injini nazo hupata hewa kidogo ya kuvuta. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huwa nzito mno. Matangi ya Boeing 787-8, aina inayotumika katika njia hii, hubeba zaidi ya lita 120,000. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ni ndefu, inapita mita 4,100, na ndiyo maana kuondoka usiku kunasaidia. Hewa ya usiku ni baridi, na hewa baridi ni nzito kuliko ya mchana. Hata hivyo, yapo mazingira ambayo ndege hulazimika kupunguza mzigo ili ipae salama.

Addis Ababa iko juu zaidi, kama mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopia za kwenda Washington zilikuwa zikisimama Dublin kujaza mafuta, ilhali za kurudi zilitoka Washington, iliyo karibu na usawa wa bahari, na kufika Addis bila kutua. Njia ni moja, umbali ni mmoja, lakini mwinuko na upepo vilizifanya kuwa safari mbili tofauti.

5. Kilomita za mzunguko ni chache. Saa za kungoja ndizo nyingi

Kabla ya 28 Oktoba 2018, hakukuwa na ndege ya Kenya Airways ya kwenda New York bila kutua. Ilibidi kwanza Kenya ipate daraja la kwanza la usalama wa anga kutoka kwa mamlaka ya Marekani, na ililipata Februari 2017. Kabla ya ndege hiyo sote tulipitia Amsterdam, London, Dubai, Doha au Addis Ababa, na wengi bado wanapita huko kwa sababu ya bei.

Nimeipima mizunguko hiyo. Kupitia London kunaongeza kama kilomita 550 tu. Kupitia Dubai kunaongeza kama 2,700, yaani saa 3 za kuruka. Hata hivyo, nimewaona watu wakikimbilia njia ya London kwa kuwa "iko njiani", kisha wakakaa kitini uwanjani saa 9 wakingoja ndege ya pili. Njia ya Dubai yenye mapumziko ya saa 3 ingewafikisha mapema.

Kwa hiyo nikisaidia mtu kuchagua tiketi, naangalia mambo matatu. Jumla ya saa tangu kuondoka hadi kufika. Muda wa kubadilisha ndege, ambao ukipungua saa 2 unanitia wasiwasi na ukizidi saa 5 unamchosha mzee. Na kama nchi ya kupitia inadai viza ya mpito. Tiketi rahisi inayomlaza mtu wa miaka sabini kwenye viti vya chuma usiku kucha, gharama yake hailipwi kwa fedha.

6. Soma tarehe kabla ya kusoma saa

Siku moja shangazi yangu aliniita nimsomee tiketi yake. Ilikuwa ya kupitia Ghuba. Alikuwa amekwisha kuwaalika watu waje kumuaga Jumanne baada ya swala ya Isha, na sanduku liko wazi sebuleni, nusu nguo za wajukuu, nusu viungo na pweza mkavu. Niliisoma, nikarudia kuisoma. Iliandikwa Jumanne, 00:40.

"Shangazi, safari yako ni Jumatatu usiku."

"Mbona hapo pameandikwa Jumanne, mwanangu?"

"Ni Jumanne, lakini ni saa sita na dakika arobaini za usiku. Ule usiku wa kuamkia Jumanne. Jumanne ukiswali Isha hapa, ndege itakuwa imeshafika zamani."

Alinyamaza, kisha akachukua simu akaanza kuwapigia wageni mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo, tiketi yoyote ninayopewa naiandika upya kwenye karatasi kwa saa zetu: siku, usiku wa kuamkia siku gani, saa ya Kiswahili, na saa ya kutoka nyumbani. Karatasi hiyo inabandikwa kwenye mlango wa kabati. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, na siku hubadilika hapo. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Safari nyingi za Ghuba huondoka usiku huohuo mkubwa, ndiyo maana watu wengi wanaachwa na ndege wakiwa na sanduku tayari.

Jambo la pili katika somo hili ni kutoa saa kwa saa. Tuseme Januari tiketi inasema kuondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30. Anayetoa haraka haraka atasema ni saa 7. Lakini kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi, kwa hiyo 06:30 ya huko ni 14:30 ya kwetu, saa nane na nusu mchana. Hapo ndipo saa 15 zinapotokea. Kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba wao husogeza saa zao mbele, na tofauti inabaki saa 7. Sisi hatusogezi. Andika hilo karibu na simu, litakuokoa usimwamshe mwanao saa kumi alfajiri.

7. Mwili una saa yake, na haisogei haraka

Msafiri wa Januari anayeondoka Nairobi usiku na kuelekea magharibi anaukimbiza usiku. Jua lililotua Nairobi kabla ya saa moja jioni halitachomoza tena mbele yake mpaka New York, baada ya zaidi ya saa 20 za giza. Akishuka, kila kitu kinamwambia ni asubuhi mpya, ila tumbo na usingizi vinakataa.

Mama yangu alipomtembelea dada yangu New Jersey, wiki ya kwanza alikuwa akiamka saa tisa usiku anatafuta chai. Dada alidhani ni upweke. Ilikuwa saa tano asubuhi Mombasa, na mwili wa Mama ulikuwa bado uko huko. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza jinsi chembe za mwili zinavyotunza saa hiyo ya ndani. Kwa makadirio ya kawaida, inasogea kama saa moja kwa siku. Kwa tofauti ya saa 7 au 8, hesabu wiki nzima. Na wengi huona kurudi mashariki ni kugumu zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu kurudi kunakutaka ulale kabla mwili haujataka.

Dawa kubwa ni mwanga wa jua. Dada alianza kumtoa Mama nje kila siku, hata kwenye baridi, na kumzuia asilale jioni mapema. Kabla wiki haijaisha alikuwa akilala hadi alfajiri.

Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, nasisitiza: nenda kwa daktari na ratiba ya safari mkononi kabla ya kuondoka, akupangie saa za dawa na za sindano. Siku ya kwenda huwa ndefu kwa saa 7 au 8, na dozi haiwezi kufuata saa ya ukutani peke yake. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye sanduku.

8. Saa 15 za kukaa ni kazi ya mwili

Damu hutuama miguuni mtu akikaa muda mrefu bila kujongea, na hatari ya damu kuganda huongezeka katika safari zinazozidi saa 4. Mzee apewe kiti cha kando ya njia ili asione haya kusimama. Atembee kidogo, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji mara kwa mara kwa kuwa hewa ya ndani ni kavu sana. Wengi hujizuia kunywa ili wasisumbue watu kwa kwenda chooni. Wahakikishieni kwamba hilo si usumbufu.

Kuhusu kifua na masikio, nina habari njema. Kwenye ndege kama 787, hewa ya ndani hudhibitiwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi. Hiyo ni juu kidogo tu ya Nairobi yenyewe. Mzee anayekaa Nairobi kwa wanawe bila kuhema kwa kawaida hatalemewa na hewa ya humo, ingawa mwenye maradhi ya moyo au mapafu lazima aulize daktari.

9. Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Ndege ni sehemu moja ya safari. Kwa mtu wa Mombasa, ninahesabu hivi: saa moja kutoka nyumbani hadi stesheni ya Miritini na kungoja, saa 5 au zaidi za treni hadi stesheni ya Nairobi huko Syokimau, muda wa kufika uwanjani, saa 4 za ukaguzi, foleni na kungoja, saa 15 angani, saa 2 za uhamiaji na mizigo New York, na saa moja na nusu ya gari hadi New Jersey. Inakaribia saa 30. Anayeendelea na ndege nyingine kwenda Ohio au Minnesota aongeze nusu siku.

Na hapo aangalie jambo moja: New York ina viwanja zaidi ya kimoja. Ukitua John F. Kennedy na tiketi ya pili ikaandikwa LaGuardia au Newark, unatakiwa kuvuka jiji na masanduku yako. Vifupisho vya herufi tatu kwenye tiketi, JFK, LGA na EWR, visomeni kabla ya kulipa.

Kwa mzee wa Mombasa, napendekeza alale Nairobi usiku mmoja kwa ndugu. Kuunganisha treni na ndege siku moja kunamfikisha kitini akiwa amechoka tayari, na safari yenyewe bado haijaanza.

10. Umbali ndio unaoamua nani atawahi

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Baba mdogo alifariki Mombasa asubuhi, akazikwa siku ileile baada ya Alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Mwanawe alikuwa Ohio. Matangani yalisikika maneno: mtoto gani huyu asiyekuja kumzika babake?

Nilikaa na wazee nikawapa hesabu. Hata kama angepata simu akiwa tayari amesimama kwenye lango la ndege New York, saa 14 za angani na safari ya kutoka Nairobi zingemfikisha siku ya pili yake. Na yeye alikuwa saa nyingi kutoka New York. Hakuna mapenzi wala fedha ambazo zingemleta kabla ya Alasiri. Wazee walinisikiliza, na maneno yakakoma. Kijana alipofika siku ya nne alipokelewa kama mfiwa, na ndivyo alivyostahili.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana walio ng'ambo ukweli huu bila kuuzungusha: kwa sisi tunaozika haraka, mtu aliye New York hawezi kuwahi maziko ya Mombasa. Basi asingoje habari mbaya ndipo atafute tiketi. Saa 30 ni nyingi kwa anayekimbilia jeneza, lakini ni chache sana kwa anayekwenda kula futari na mamake. Kaeni pamoja kama familia, angalieni likizo za shule na mwezi wa Ramadhani, changieni nauli, na mwekeni mzee tarehe anayoweza kuihesabu. Mkiwa na hofu ya bei, anzeni kuweka akiba mwezi huu. Umbali wa kilomita 11,840 hautapungua, na kwa familia iliyojipanga unavukika katika siku moja na robo.